Dawa ya Kutu

Watu walimwita Daktari, ingawa hakuwahi kutibu hata kuku. Asubuhi ile alipita mbele ya nyumba ya mjane mmoja, akaona vitu viwili vilivyompunguzia mwendo: geti lililoliwa na kutu, na debe la rangi ambalo halijafunguliwa. Aliyekwisha kununua rangi ameshaamua kutumia pesa. Kilichobaki ni kumwongoza.

"Shikamoo mama. Usipake kwanza."

"Marahaba. Kwa nini nisipake? Geti langu, rangi yangu."

"Kutu haifi kwa kufunikwa. Itakula chini kwa chini, mwaka haupiti rangi yote imebanduka."

Hilo lilikuwa kweli. Daktari alipenda kuanza na ukweli. Uongo hupita vizuri ukisindikizwa.

Akatoa chupa, moja kati ya arobaini alizojaza jikoni kwake: chai ya rangi iliyochemshwa hadi ikawa chungu, na siki kidogo. Akapaka mahali padogo, wakasubiri. Kutu ikageuka nyeusi.

"Imekufa," alisema kwa sauti ya msibani.

Mjane akainama, akatazama, akanusa. "Nina nyumba sita, mageti sita. Nikiridhika na hili, nachukua chupa zote. Ila nasikia dawa hizi hazishiki juu ya kutu inayobanduka."

"Kabisa, mama. Lazima ikwanguliwe kwanza."

"Basi kwangua, mwanangu. Brashi ya waya hiyo hapo."

Mageti sita! Daktari akavua shati. Akakwangua, akasugua kwa msasa, jua likapanda, viganja vikatoka malengelenge. Kila alipotaka kupumua, mjane alinyoosha kidole: "Pale kwenye bawaba, bado." Kufikia saa saba mchana chuma kilimetameta kama sufuria mpya.

"Sasa dawa," alisema akihema.

"Dawa inageuza kutu, si ndivyo?"

"Ndivyo."

"Nionyeshe kutu."

Daktari akatafuta kwa dhati, kama mtu aliyepoteza hati ya kiwanja. Hakuona hata doa.

"Chuma safi kinataka praima tu, rangi ya msingi," alisema mjane, akavuta kopo lake kutoka nyuma ya debe. "Miaka ishirini nimepiga rangi magari gereji. Kupaka ni raha. Wa kukwangua ndiye hapatikani."

Akaingia ndani, akarudi na kikombe, akakijaza ile dawa ya Daktari hadi ukingoni.

"Karibu chai, mwanangu, umechoka. Siki tu ndiyo umezidisha."