Uzi Chini ya Mnara wa Lango

Jumatatu, 4 Oktoba
Mnara wa lango umebomoka tena, upande wa handaki. Fundi Hanesh kasema hausimami bila kivuli: mtu apimwe kivuli chake kwa uzi, uzi uzikwe chini ya jiwe la msingi. Ukuta utasimama. Mwenye kivuli atakufa kabla ya siku arobaini. Watu wanapita pale mbio. Mimi nimefurahi! Oprea, mlinda lango, ana funguo na chumba chenye meko juu ya lango. Mimi, msaidizi wake, nalala zizini. Uzi ninao.

Jumanne, 5 Oktoba
Lango linatazama kaskazini. Oprea anashinda chini ya tao, nyuma ya wavu wa chuma, hana kivuli hata cha kidole. Aliyechora ngome hii hakunifikiria. Nimemwambia Oprea kwamba Voica mpishi atamngoja kesho jioni kisimani, ua wa ndani. Akacheka, akasema mdogo wangu Parvu, Voica hamsifii mtu, anasifia nguruwe tu. Lakini ndevu kachana.

Jumatano, 6 Oktoba
Nimempata! Jua la jioni, kisima, Oprea. Nikachuchumaa nyuma yake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Oprea alipoinama kuteka maji, kivuli hakikuinama. Bahati iliyoje! Hanesh kauliza mbona uzi mfupi, na Oprea ni pandikizi la mtu. Nikamwambia akoroge chokaa yake.

Jumamosi, 9 Oktoba
Ukuta umesimama. Oprea anakula soseji na vitunguu, mzima kabisa. Mimi nina baridi isiyoondoka. Mbwa wa lango habweki nikipita. Anatazama nyuma yangu, anarudi kinyumenyume. Voica, aliyeniona toka dirisha la jikoni, kauliza kwa nini siku ile kisimani nilipima kivuli changu mwenyewe. Cha Oprea, kasema, kilikuwa kwenye ukuta wa ua. Nimeogopa sana.

Jumatatu, 8 Novemba
Oprea kanihurumia, kanipa chumba chake, eti mgonjwa alale penye moto. Hatimaye! Ila ukuta unapumua. Nikikohoa, nao unakohoa baada yangu. Nikiwasha mshumaa, kitanda kina kivuli, kiti kina kivuli. Changu sikioni.

Jumanne, 9 Novemba
Nina mpango. Nitachomoa jiwe la msingi, nitoe uzi wangu, niweke wa Oprea. Safari hii nitampima amelala. Hanesh anasema jiwe hilo limebeba mnara mzima. Mafundi kwa kujisifu! Nyundo nimeazima kwa Oprea mwenyewe. Kauliza kama nahitaji msaada. Nimemwambia hapana, ni kazi ndogo.