Bibi Breki Ahamia kwa Adventina

Jumatatu, 3 Machi 2025

Watazamaji wanne leo. Mmoja alilala kabla sijawasha. Na ilikuwa filamu ya tatu ya Bibi Breki, yule mwanamke dereva wa lori! Miaka kumi na minne naitafsiri filamu hii kwenye banda langu la video hapa Lusahunga, kwa mdomo wangu mwenyewe, sauti kumi na moja tofauti, ya jogoo ikiwemo. Madereva wa malori wamewahi kuchelewa kuvuka mpaka wa Rusumo kwa ajili yake. Leo wanne.

Nimetoka kuchunguza. Kelele zinatoka ng'ambo ya barabara, kwa Adventina wa chipsi. Amefunga televisheni ukutani, chini yake mashine ya gemu. Gemu gani? Bibi Breki! Bibi yuleyule, lori lilelile, jogoo yuleyule juu ya kichwa cha lori. Ila wamegeuzwa vikaragosi vifupi vyenye vichwa vikubwa. Wakigonga kitu, kinasambaratika, shanga zinamwagika, watu wanacheka.

Adventina kaniambia aliiweka ili wateja wasinung'unike wakisubiri viazi viive. Sasa viazi vinaiva na hakuna anayevifuata. Kayasema haya kwa masikitiko. Sikuyaamini masikitiko yale.

Nitamwangusha kabla ya Pasaka.

Jumanne, 4 Machi

Kosa la gemu nimelipata. Katika filamu ya tatu, Tito, mumewe Bibi Breki, anakufa kwenye mteremko. Anakufa kabisa. Kwa kifo kile nimewaliza watu wazima, hata askari mmoja wa kizuizi cha barabarani. Katika gemu Tito anaanguka, anatawanyika vipandevipande, halafu vipande vinajikusanya, anainuka, anaokota kofia yake na kuendelea na safari. Mara thelathini kwa siku!

Huu ni upotoshaji. Nimekwenda kwa katekista wetu, Mwalimu Rogasian. Nikamweleza kwamba kwa Adventina wafu wanafufuliwa kwa kubonyeza kitufe, na kesho ni Jumatano ya Majivu. Kakunja uso. Kaahidi kwenda kujionea mwenyewe.

Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi.

Jumatano, 5 Machi

Mwalimu Rogasian kaingia kwa Adventina saa nane mchana, majivu bado yako kwenye paji la uso. Nimekaa dirishani nisikie atakavyowakemea. Saa tisa, kimya. Saa kumi nikasikia sauti yake: ruka! Ruka, mwanamke! Alikuwa akisema na Bibi Breki.

Katoka saa kumi na moja na nusu. Nikamuuliza habari ya ufufuko. Kasema amelichunguza jambo lile kwa makini na halina ubaya, kwa kuwa Tito hadai popote kwamba yeye ni Masihi. Na Kwaresima je? Kajibu kwamba yeye ameacha pombe na nyama, gemu haikuwemo kwenye orodha. Kisha kaniuliza, mimi mtaalamu wa filamu, kuku wa dhahabu wa kumi na mbili huwa amefichwa wapi. Anao kumi na mmoja.

Sijui.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekwenda kupeleleza. Kofia ya sufi, miwani ya jua, koti zito. Nimejifanya dereva wa Kigali. Mlangoni nikasalimu kwa Kinyarwanda, mwiriwe. Adventina kasema karibu, kaka Leonidasi, akanivutia kiti.

Mama Kwandu ndiye aliyekuwa anacheza. Mama wa Kisukuma, rika la mama yangu, asubuhi anauza maziwa. Ndoo tupu iko miguuni pake. Nikampa shikamoo. Kaitikia marahaba bila kuondoa macho kwenye televisheni. Kila siku anakuwa Tito. Hamtaki Bibi, hamtaki jogoo. Nikamweleza kwa heshima kwamba Tito ni mtu mdogo katika kisa hiki, na tena ni marehemu.

Kasimamisha gemu. Kasema mumewe alikuwa utingo wa lori la pamba. Mwaka wa tisini na nane lile lori lilitoka na halikurudi. Filamu yangu aliwahi kuja kuitazama, akaondoka katikati.

“Kwako anakufa, ng'wanone, na hainuki,” akaniambia kama mama kwa mwanawe. “Hapa anaanguka, anajikusanya, anaokota kofia yake. Mimi nataka kumwona akiokota kofia.”

Nikamjulisha kwamba katika filamu hiyo kofia haimo. Ni kosa jingine. Nimeliandika.

Jumamosi, 8 Machi

Nimebandika tangazo kwenye mlango wa Adventina. Kesho baada ya misa, Leonidasi mtafsiri atapambana na mchezaji yeyote wa hapa. Akishinda, gemu inazimwa moja kwa moja. Akishindwa... hapo sikuandika kitu, sikuona haja.

Adventina kalisoma huku akikausha mikono. Kakubali haraka mno. Kamteua Mama Kwandu.

Ajuza! Nimecheka mpaka nikapaliwa.

Jumapili, 9 Machi

Watu walijaa mpaka barabarani. Malori kumi na matatu yameegeshwa. Mimi nilikuwa Bibi Breki, Mama Kwandu Tito kama kawaida. Gemu ilipoanza tu nikamrukia, nikamshindilia spana ya kichwa. Akasambaratika. Nikainua mikono juu!

Tito kajikusanya, kaokota kofia. Mama Kwandu kaniuliza kama ninaumwa. Mwalimu Rogasian akanieleza polepole, kama anavyowaeleza watoto wa komunyo, kwamba hawa wawili wako upande mmoja. Nikampiga tena ili kuhakikisha. Kweli, haina pointi.

Tukafika kwenye geti la chuma. Lina mikono miwili ya kuvuta: mchezaji mmoja avute huku, mwenzake avute kule, ndipo lifunguke. Nikavuta wa kwangu. Likaanza kufunguka. Nikaona niko mbele, nikaachia, nikakimbia. Likajifunga. Tito kabaki kule peke yake, ameng'ang'ania mkono wake. Watu wakapiga kelele nirudi. Nirudi! Kurudi ni kushindwa. Nikasimama mbele ya geti. Dakika kumi na tano.

Nikakosa la kufanya. Nikaanza kutafsiri. Ni mazoea tu. Kwa sauti ya Bibi nikamtukana jogoo na ukoo wake. Dereva mmoja kacheka mpaka soda ikamtoka puani. Kisha nikachukua sauti ya Tito, ile nzito ya mteremkoni.

“Mke wangu, huku mkono unaniuma. Unakuja, au niendelee kusubiri?”

Mama Kwandu kaiweka padi ya kuchezea mapajani. Kaniomba Tito aseme tena. Akasema tena. Kaomba amuulize habari za nyumbani. Tito akauliza ng'ombe wangapi wamezaa. Wawili, kajibu Mama Kwandu akiitazama televisheni, mmoja kazaa dume, na paa tuliezeka bati mwaka juzi. Tito akasema vizuri, umefanya vizuri sana.

Adventina aliacha viazi vikaungua. Geti halikufunguka, na hakuna aliyelikumbuka tena.

Matokeo: sare.

Jumatatu, 10 Machi

Adventina kaja bandani kwangu asubuhi. Kaleta chipsi, na lita moja ya maziwa aliyopewa na Mama Kwandu aniletee. Kasema madereva tangu alfajiri wanauliza yule mtu wa sauti anarudi saa ngapi. Shauri lake ni hili: nihamishie mabenchi yangu kwake. Asubuhi filamu, mchana gemu, na mimi niwe nawatolea sauti wote. Bango la mlangoni litakuwa na majina mawili, la kwangu juu.

Kaongea vizuri. Kanitazama vizuri pia, nimeliona hilo.

Nimeomba siku mbili za kufikiri.

Jumatano, 12 Machi

Nimefikiri. Mtu hakuletei chipsi mpaka mlangoni ila ameona maji yamemfika shingoni. Adventina anaogopa! Nimemtumia jibu: hapana. Mwalimu Rogasian kasema nimepandwa na jini. Mama Kwandu kanipita barabarani na ndoo yake, kaniuliza kwa upole Tito amekwenda wapi. Nikamjibu yuko kazini.

Kisha nimepata lifti ya lori la chumvi hadi Kasulo, kwa Idefonsi, fundi simu. Anayo mashine ya gemu ya zamani, na Bibi Breki mwenyewe yumo. Nimebadilishana naye kwa spika zangu zote mbili na kipaza sauti. Idefonsi kaniuliza mara tatu kama kweli sitakihitaji kile kipaza sauti. Maskini, haelewi biashara.

Ina padi moja tu. Ndivyo nilivyotaka.

Kesho saa nne nafungua. Watu watakaa kwenye mabenchi wanitazame nikicheza. Nimebandika na sharti mlangoni: kimya, hakuna kuongea.