Saa ya Kulala ya Laptop

Jumatatu, 6 Julai 1998
Sijalala. Jogoo wa Nzioka, jirani yangu hapa Kimbo, huanza kuwika saa kumi alfajiri, na kati yetu ni mabati tu. Halafu hii baridi! Nimefika kazini Thika macho yamevimba. Madam Zubeida, mwenye ofisi ya kuchapa, amenikuta nimelalia taipureta. Ameapa kwamba akinikuta tena nimelala, nitarudi kwetu Kitui kuchunga mbuzi. Gerishon, mchapaji mwenzangu, akacheka mpaka akakohoa. Fitina tupu.

Jumanne, 7 Julai
Madam ameleta laptop! Ya kwanza mtaa mzima. Ameifunika kitambaa cha kufumwa, ametundika pazia, ametoa amri: hakuna kuingia chumba cha laptop na viatu. Nimechaguliwa mimi, kwa kuwa nilisomea kompyuta wiki mbili. (Ya pili nilikuwa mgonjwa.) Gerishon amenuna kweli kweli. Kazi ya kwanza ni mtihani wa sayansi wa darasa la nane, wa Mwalimu Nzomo. Anautaka Ijumaa asubuhi.
Nimegundua jambo. Ukiiacha dakika kumi, laptop inalala yenyewe! Kazini! Mchana! Na Madam hasemi kitu. Kumbe kutishiwa mbuzi ni mimi peke yangu?

Jumatano, 8 Julai
Nimemwambia Madam kitabu cha laptop kinasema lazima ilale kila siku, saa saba mpaka saa nane mchana. Giza, mlango umefungwa, mtaalamu kando yake. Kitabu ni cha Kijerumani, nani atabisha? Madam akauliza kama itahitaji blanketi. Ghai! Nikasema ndiyo, na mto pia. Amevitoa kwake nyumbani.
Nimelala saa nzima. Gerishon ameambiwa aache kuchapa asije akaiamsha. Raha iliyoje!

Alhamisi, 9 Julai
Mto wa Madam ni mgumu na sakafu ni barafu. Lakini laptop ikiwa macho ina joto! Na ukiilalia, hailali. Basi nimeacha mtihani wa Mwalimu Nzomo wazi, nikajifunika nayo blanketi, nikaweka shavu juu ya vibonyezo. Nimeota niko Kitui juani.
Nimeamshwa na Madam akigonga mlango. Saa tisa! Nikatoa mtihani kwenye printa mbio mbio, nikampa Gerishon karatasi akafanye fotokopi. Sikusoma tena. Nisome nini, na nimechapa mwenyewe? Gerishon alizifunua moja moja, akatabasamu, akaenda kuwasha mashine. Nikadhani wivu umemwisha.

Ijumaa, 10 Julai
Saa nane, nimetoka tu kuilaza laptop kama jana, Mwalimu Nzomo akaingia akihema. Swali la kumi na nne lina kurasa tatu za herufi G. Watoto wamelijibu! Mmoja amezihesabu.
Madam akanitazama. Nikasema laptop imeota ndoto mbaya. Nikaapa kwa jina la mama. Hapo Gerishon, kwa heshima zote, akamwomba Madam aangalie shavu langu la kushoto. Miraba, safu tatu! Madam akaenda akaileta laptop, akaipima na shavu langu mbele ya watu. Ikatoshea.
Nimelia. Si uongo, nimelia machozi. Mwalimu Nzomo ndiye aliyeniombea msamaha. Watoto watarudia Jumatatu. Gerishon amepewa laptop. Blanketi limerudi kwa Madam. Na Madam amesema kosa moja tu, hata liwe dogo namna gani, na ninapanda gari la Kitui siku hiyo hiyo.

Jumamosi, 11 Julai
Nimebadilika. Kulala kazini tena? Ng'o! Nimepewa mashine ya fotokopi, na nimetoa mitihani mipya yote, safi, nimesoma kila ukurasa. Madam amenisifu.
Ila nimegusa kioo cha ile mashine. Joto lake! Laptop haifiki hata nusu. Na ni pana, mtu akikunja magoti anatosha. Kitabu chake nacho ni cha Kijerumani. Jumatatu nitamweleza Madam, pole pole, kwamba fotokopi isipopumzika mchana inaharibika.
Nimeweka shavu kidogo tu, kupima. Kiwiko kikagusa kibonyezo, ikatoka nakala. Mimi mwenyewe, macho yamefumbwa, mdomo wazi. Na Madam huyo anaingia! Sikubabaika. Nimeichomeka katikati ya mitihani ya Mwalimu Nzomo. Huko hakuna atakayeiona.