Mgao wa Majibu ya Marubani

"Wananchi wanaarifiwa kwamba majibu yote katika kitabu cha maswali ya mazoezi ya urubani yatagawanywa kwa usawa, na hakuna herufi itakayoachwa nyuma."

Tangazo hilo lilitoka mtaa wa Section 58 mjini Nakuru, juu ya buchari, katika ofisi za Baraza la Maandalizi ya Urubani. Aliyelitia sahihi ni Mkurugenzi Kigen, ambaye hakuwa amewahi kupanda juu zaidi ya ngazi ya kubadilishia balbu, lakini dhuluma akiiona, anaijua.

Kitabu chenyewe kilikuwa kizuri: swali, majibu manne, unachagua moja, unafungua kurasa za nyuma kuangalia kama umepata. Wanafunzi walikirudia mpaka karatasi zikalegea. Kasoro aliigundua Bwana Owuor, mjumbe wa kamati ya Baraza.

"Mwenyekiti, hii ni nini? A, A, C, A, B, A. Mbona A anakula peke yake?"

"Na D?" akauliza mwenyekiti, Mheshimiwa Wamuyu.

"D ameonekana mara mbili tu, tena huko mwisho. Watu wa D walikosea nani?"

Kigen aliumia moyoni. Yeye mwenyewe alikaa miaka bila cheo kwa sababu nafasi za watu wa kwao zilikuwa zimejaa. Papo hapo akatunga kanuni: kila herufi ipewe robo; ikimaliza fungu lake, jibu lihamie kwa jirani; na ombi lolote la kuongezea herufi iliyoshiba lisisikizwe. Kanuni ilipita kwa makofi, chai na mandazi.

Ndipo likafikiwa swali la injini kuzimika punde tu baada ya kupaa. Jibu la zamani lilikuwa A: shusha pua ya ndege, utue mbele. Lakini A alikuwa ameshiba. Akapewa B: geuka haraka urudi uwanjani. Mwalimu wa urubani alipolalamika kwamba ndege ikigeuzwa hivyo huanguka, aliulizwa yeye ni mtu wa herufi gani.

Siku ya kuzindua kitabu kipya ikafika. Joan Chepchumba, aliyeongoza mtihani wa Baraza, ndiye angerusha ndege, na Mkurugenzi akatunukiwa heshima ya kuwa abiria wa kwanza. Kiwanja cha nyasi nje ya Nakuru kilijaa mahema na bendi. Maikrofoni ya Kigen iliunganishwa na spika ili umma usikie hotuba yake kutoka angani.

"Sasa, Joan. Uko tayari?" akauliza Kigen, akishaketi kando yake ndani ya ndege.

"Niko fiti, sir. Kitabu yenu nimemeza yote. Niulize swali yoyote."

Kigen akacheka kwa furaha ya mzazi. Mbele, mwisho wa kiwanja, aliona migunga mirefu. "Haya, injini ikizima tukishapaa tu?"

"B, sir. Nageuka haraka."

Propela ilikuwa imeanza kuzunguka. Kigen alikumbuka vizuri sana jinsi B alivyoipata kazi hiyo, na kwa mara ya kwanza maishani aliogopa sahihi yake mwenyewe.

"Joan, ngoja. Hiyo ni A."

"Kitabu inasema B, sir. Na ni wewe uliweka sahihi."

"A! Ni A! Zima hii kitu! Nifungulie mlango!"

Spika zikaufikishia umma kila neno. Bendi ikanyamaza.

Kamati ilikuwa yote hemani, kwa hiyo kikao cha dharura hakikuchelewa. Kigen akashuka ndegeni, akasimama mbele yao, tai ikiwa begani, akaomba B aondolewe kwenye swali hilo na A arudishwe.

"Director, tunakuhurumia," akasema Owuor. "Lakini A alishashiba."

"Ni maisha yangu, bwana!"

"Hata D ana maisha."

Kwa mujibu wa kanuni, ombi halikusikizwa. Mheshimiwa Wamuyu akamsindikiza Mkurugenzi hadi kwenye ndege kwa adabu kubwa, na bendi ikaanza upya. Joan akainama, akaanza kumfunga mkanda magotini, maana swali la mkanda lilikuwa limepewa D.