Masufuria Mawili, Kinanda Kimoja

Jumatano, 12 Februari

Kwanza wa nyumbani. Delmer, mume wangu, mzima, kasinzia kitini na buti miguuni. Mama mkwe mzima, hasikii kitu ila akisengenywa. Karna wangu mzima, anaolewa Jumamosi! Paka naye mzima. Mgonjwa ni mimi, na ugonjwa wenyewe unaitwa Verna.

Verna ni mama wa bwana harusi. Leo kapiga simu, sauti ya asali. Eti ataleta kababu zake za mchuzi ndani ya sufuria lake kubwa la umeme, "nikupunguzie mzigo, mkwe mwenzangu." Mzigo! Supu yangu ya kuku na mchele wa ziwani, ule mweusi wa huku kwetu, ndiyo chakula cha harusi hii. Baridi ya Minnesota inapasua mawe. Nikiwapa wageni supu iliyopoa watanisema mpaka kwenye mazishi yangu, wakila kwenye chumba kilekile cha harusi, chini ya kanisa.

Na jiko la gesi la kanisani bovu tangu Krismasi. Mungu wangu.

Alhamisi, 13 Februari

Karna anasomea ufundi umeme. Kapindua sufuria langu, kanionyesha maandishi ya chini: volti 120, ampea 12. Eti nikizidisha napata wati 1,440, ndiyo nguvu yake. Nikigawa 120 kwa 12 napata ohm kumi, ndiyo ukinzani wake. La Verna vivyo hivyo, wamenunua duka moja. Laini ya chini ya kanisa inavumilia ampea kumi na tano, na inalisha pia taa na kinanda cha juu, vinavyokula mbili kwa pamoja. Sufuria moja na kinanda, kumi na nne, salama. Mawili, swichi inakata. "Mama, moja tu. Umesikia?"

Nimesikia. Niliishia darasa la nane, lakini masikio ninayo.

Ila nikimenya karoti nikafikiri. Ukinzani si kukinza? Sufuria moja linakinza kumi. Mawili yatakinza ishirini! Wanawake wawili wanene wakisimama mlangoni, nani atapita? Umeme utapungua. Mtoto kakosea hesabu. Sikumwambia. Bibi harusi hasumbuliwi.

Ijumaa, 14 Februari

Tumepamba meza. Karna kaamua mbele ya wote: supu yangu kwenye soketi, kababu zipashwe nyumbani kwa Verna, ziletwe zimefungwa blanketi. Ushindi! Nikatabasamu kwa unyenyekevu.

Verna kasema vizuri tu. Kisha kabandika utepe wenye jina lake chini ya kila bakuli, kila kijiko. Hiyo desturi yetu, vyombo visipotee, sawa. Lakini kabandika na ukutani, karibu na soketi! Nikamuuliza kulikoni. Kajibu kuwa utepe umebaki, si vizuri kuutupa.

Jumamosi, 15 Februari

Viatu sijavua, nimekaa kuandika.

Nilikuwa mlangoni nakumbatia wageni. Ule utepe wa ukutani ukanijia. Nikashuka. La Verna limechomekwa! Langu limechomolewa, supu vuguvugu kama maji ya kuoshea mtoto. Juu kinanda kimeanza, Karna anaingia. Nifanyeje? Nikichomoa la Verna, vita ya ukoo. Nikakumbuka ishirini. Nikachomeka langu tundu la pili.

Nikahesabu pumzi. Kinanda kikatoa sauti ya ng'ombe aliyekanyagwa, kikanyamaza. Taa nazo zikazima.

Halafu viatu kwenye ngazi. Bibi harusi mwenyewe, gauni kalikunja mkononi! Verna nyuma yake, anadakia kuwa yeye alichomeka dakika chache tu, mwizi wa umeme ni nani? Nikajitetea: kumi na kumi ni ishirini, kama wanawake wawili mlangoni. Karna kasema kwa upole wa kutisha kuwa masufuria yamesimama ubavu kwa ubavu, mama, si moja nyuma ya jingine. Hukuweka wanawake wawili mlango mmoja, umefungua milango miwili. Ukinzani umebaki tano, ampea zimekuwa ishirini na nne. Kachomoa yote. "Sufuria moja lirudi. Chagueni, nikaolewe."

Kainua swichi, kapanda. Kinanda kikaanza upya.

Tukatazamana. Verna kakumbatia kababu zake kama mtoto. Mimi supu yangu. Yote yanapoa! Mwishowe nikafumba macho, nikamwambia, mkwe, mimina. Kamwaga kababu zake ndani ya supu yangu, machozi yanamtoka. Na mimi yakanitoka nikichomeka.

Wageni wamekula moto, wameongeza, wamekwangua. Mchungaji kauliza ni mapishi ya nani. Tumejibu kwa pamoja: "Yangu."

Jumapili, 16 Februari

Karna na mumewe wameondoka kwenda fungate. Verna na ukoo wake wamekuja kula hapa jioni hii. Kila mmoja na sufuria lake, kasema. Sawa! Sasa ninaijua siri: moja nyuma ya jingine. Nimechomeka ekstensheni ndani ya ekstensheni ndani ya ekstensheni, foleni moja mpaka sebuleni. Masufuria manne, na swichi yetu haikati tangu Delmer aitengeneze. Ukinzani arobaini!

Nimemwandikia Karna ujumbe: Mwanangu, hujambo, mkwe hajambo? Sisi wazima. Waya wa ekstensheni ukianza kunuka kama mpira unaoungua, ndiyo ukinzani unafanya kazi? Jibu haraka, babako ameshika ndoo.