Kutu Asijaziwe Ukumbi Jumamosi

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mkaguzi wa shule mstaafu. Daktari ameacha kunipangia tarehe ya kurudi, kwa hiyo sina muda wa kuendelea kuficha. Barua kumi na tatu zisizo na jina, zilizotumwa kwenye kumbi za miji kumi na mitatu kumshutumu mwimbaji aitwaye Kutu, niliziandika mimi. Kutu ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu. Hajui. Anadhani ana adui.

Jumamosi hii anaimba katika ukumbi mkubwa wa mji wetu, wenye viti mia sita. Meneja amemwambia kwamba usipojaa, asigonge tena mlango wake. Naomba gazeti lako liwaonye watu, kwa sababu zifuatazo:

1. Sauti. Katika miaka thelathini na moja ya ukaguzi nimesikia mabati ya mabwalo yakiezuliwa na upepo, na walimu wakuu wakilia wahamishwe. Hakuna kilichoniandaa kwa mtoto huyu. Huimba kama mtu aliyebanwa kidole na mlango, kisha akaulaumu mlango kwa beti tatu. Gitaa lake lina nyuzi tano. Ya sita ilikatika, akasema haikuwa na kazi.

2. Mavazi. Muziki wenyewe wanauita panki, na naona jina limeanzia kichwani: kanyoa pande zote, katikati kaacha brashi ya kuoshea chupa. Koti lake linashikiliwa na pini tupu. Nilipomkanya alinijibu, "Babu, si limeshika lakini?" Nimelitafakari jibu hilo wiki nzima, na bado ni utovu wa adabu.

3. Ziara. Mwimbaji mwenye heshima huitwa, huyu hujipeleka. Mwezi wa nane huu yuko barabarani na mpiga ngoma wake, ndani ya gari la mikate lililostaafu kabla yangu. Hulala kwenye mazulia ya mashabiki, na asubuhi huwaoshea vyombo vya nyumba nzima. Mji wa kwanza walikuja watu tisa, pamoja na fundi umeme aliyekuwa zamu. Akawaimbia hao tisa kama elfu. Mtu asiyejua kuhesabu atafika wapi?

4. Maneno. Ana wimbo kuhusu mkaguzi aliyepima urefu wa nyasi katika shule isiyo na choo. Ukumbi mzima huuitikia. Nyasi zile nilizipima mimi, na kipimo changu kilikuwa sahihi.

5. Dharau, na hili ndilo kubwa. Barua zangu zilikuwa ripoti kamili, kwa wino, zenye vichwa: Sauti, Nidhamu, Usafi, Mapendekezo. Mwenye ukumbi wa pili akaibandika yake mlangoni, akaipigia mstari mwekundu sentensi yangu: "Muziki huu haufai kusikilizwa na mwenye masikio mazima." Vijana wakafurika hadi dirishani. Wa tatu akafanya vivyo hivyo. Wa tano, nasikia, alimpigia simu mwenzake wa mji uliofuata: "Vipi, ya kwenu imeshafika?" Kweli la kuvunda halina ubani.

Kwa hiyo ichapishe barua hii kabla ya Jumamosi, ukurasa wa mbele, kwa herufi nene, ili kila mwenye akili timamu abaki nyumbani kwake.

Nisalimie wote hapo ofisini, hata msahihishaji wenu, ambaye koma zake nimezivumilia miaka mingi.

Wako katika ukaguzi wangu wa mwisho,
Babu yake Kutu

Tanbihi: Utaona mwandiko huu si wa mzee. Ni wa muuguzi. Mkono wangu umegoma, na meneja wa Jumamosi hajapata barua yake. Ndiyo maana nimekuandikia wewe. Mlango ule ni mpana, karatasi moja haitoshi. Na habari za ukumbi wa pili, Mhariri, zilinifikia wiki ileile. Barua kumi na moja zilizofuata niliziandika nikijua.