Upanga wa Moto kwa Redio ya Bibi

Jumatatu, 6 Mei
Redio ya Bibi imekufa. Imefia mikononi mwangu, kweli, lakini ilikuwa mgonjwa tangu zamani. Mimi na bisibisi tulikwenda kuijulia hali tu. Bibi hakunigombeza. Saa ya hadithi yake ilipofika akakaa karibu nayo, mkono juu, kama anayepima homa. Roho iliniuma. Basi nauza Upanga wa Moto, nimnunulie nyingine! Nimeupigania kwenye mchezo wa simu mpaka simu ikachemka kama pasi. Kuna watu wazima wanatoa hela halisi kwa upanga usioshikika. Wajinga ndio waliwao.

Jumanne, 7 Mei
Mnunuzi kapatikana: kinyozi wa ng'ambo ya barabara, aliyewahi kunichorea ramani kisogoni. Mchezoni anajiita Simba Mkuu. Nje anamkimbia paka wa jirani. Nikamwambia hela kwanza. Akasema upanga kwanza, yeye si wa kudanganywa kwa peremende. Nikamwambia akanyoe mawe. Hatukuelewana.

Jumatano, 8 Mei
Nimefungua kibanda kwenye soko la mchezoni, wanunuzi wengine waje. Ila simu ikizimika, kibanda nacho kinafungwa. Lazima mtu aiguseguse, na mimi nabeba saruji dukani kwa mjomba. Nikamkabidhi Bibi. Nikamwonya: kitufe cha kijani ndicho cha kutoa mali, asikiguse. Akasema, "Nimelea watoto saba, nitashindwa kulea kisanduku?"

Jioni. Upanga hakuna! Bibi aliwaandikia wateja kwamba mwenyewe yuko kazini, yeye ni bibi yake. Wote wakaendelea na "bei, bei" kama kunguru. Mmoja tu aliandika shikamoo. Akalia kwamba majitu yanampiga, hana silaha.
Bibi akaniuliza, "Sasa nimnyime, na upanga umekaa bure?"
Jina la huyo mwenye adabu? Simba Mkuu. Nilikaa sakafuni.

Alhamisi, 9 Mei
Nimemvamia kinyozi, kifua mbele. Akasema zawadi hairudishwi. Mteja, nusu kichwa kimenyolewa, akamuunga mkono. Nikawaeleza habari ya redio, na Bibi anavyokaa nayo jioni. Mashine ya kunyolea ikazimwa. Kinyozi akatazama chini. Nimemtisha vibaya sana!

Ijumaa, 10 Mei
Kinyozi kaja na redio ya kibandani kwake, nywele za watu bado zimenasa kwenye spika. Akadai wateja wake wanapenda kusema, si kusikiliza. Akamwamkia Bibi, macho chini, akajitaja kuwa ndiye Simba Mkuu. Bibi akamtazama weee.
"Kumbe ni wewe unayepigwa na majitu? Kaa, baba, pole."
Wakasikiliza hadithi wote wawili. Viti ni viwili. Mimi nilisimama.

Jumamosi, 11 Mei
Watu waseme watakavyo: nilitaka redio kwa upanga, redio ipo. Kichwa hiki si cha kubebea saruji tu! Leo nauza Ngao ya Barafu, tupate kiti cha tatu. Bibi nimemfundisha upya: akisalimiwa aitikie, asitoe kitu. Ameapa.

Jioni. Ametimiza kiapo. Wamemsalimia wengi, hakutoa kitu. Ila kuna mtoto hakumsalimia kabisa, hakuwa na nafasi: Simba Mkuu alikuwa anamuunguza kwa upanga wa moto. Bibi akampa ngao ajikinge.

Si neno. Bado nina kofia ya chuma. Kesho nafungua kibanda mapema, na mlinzi nimeshampata: hakuna mtu namwamini kama Bibi.